Mke wangu ameanza kunidharau, nimwache?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 27, naishi Kayole na mke wangu, anayeuza mitumba Gikomba. Kazi yangu iliisha miezi saba iliyopita na tangu hapo sitoki nyumbani, hata simu za marafiki sipokei. Mke wangu ameanza kunidharau. Huniachia shilingi 200 mezani kama mtoto wa shule, na kila Jumapili ananivuta twende kwa ndugu zake wanione nilivyo. Nafikiria kumwacha.*

Marahaba. Pole kwa kazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta tusi la mkeo, sikuliona. Nimeona mwanamke anayedamkia Gikomba na bado akakumbuka kukuachia chochote. Mke anayemwonea mumewe haya humficha, hamvuti kwa ndugu Jumapili. Anayekudharau ni wewe mwenyewe, ila maneno umemtia yeye kinywani.

Ndoa za mjini zimegeuzwa hesabu ya M-Pesa. Mke akilisha nyumba miezi saba, mume analia heshima imepotea. Mume akilisha miaka ishirini hakuna anayeniandikia.

Turudi kwako. Kila ukikataa kutoka, moyo hutulia, na utulivu huo ndio unaokudanganya. Mwili unaamini umeponea hatari, kesho mlango unakuwa mzito zaidi. Chukua karatasi, andika mambo manane unayoyakwepa, kila moja ulipe alama ya hofu kuanzia sufuri hadi kumi. Anzia penye tatu: kununua maziwa dukani bila kuziba masikio kwa muziki, ukimsalimu mwenye duka usoni. Halafu kinyozi. Pale pazuri, maana huwezi kutoroka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu! Hofu ikipanda, kaa nayo mpaka ishuke. Rudia kila hatua mara nne au tano ndipo upande nyingine. Ndugu za mkeo wawe mwisho.

Wengi huharibu kwa haraka. Huanzia harusi ya watu mia tatu, hukimbia kabla ya pilau, kisha huapa kwamba hawaponi. Wengine hubeba mkongojo: simu mkononi, mke wa kuwajibia maswali, au chupa mbili za ujasiri. Ukitembea na mkongojo, mguu hauamini kuwa umepona. Na lile swali unaloliogopa, "siku hizi uko wapi?", liandalie jibu fupi: "Ile kazi iliisha, natafuta. Wewe je?" Ulitamke kwa sauti ukiwa peke yako mpaka ulimi uzoee.

Lakini ikiwa kwa wiki mbili au zaidi usingizi na hamu ya chakula vimekuhama na hakuna kinachokufurahisha, nenda ukamwone daktari. Ukiwaza kufa, achana na karatasi, mwambie mkeo na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Ile ya Mathari, barabara ya Thika, kazi yake ni kutibu maradhi ya akili.

Kumwacha? Uende wapi, na mlango tu unakushinda? Kesho chukua ile mia mbili, nunua maziwa, chenji uiweke pale pale mezani.