Banda la mbao kwa ajili ya okidi: mambo ya kuamua kabla ya kumwita fundi

Vitabu vingi vya ukulima wa okidi, mimea ya maua ambayo mingi yake huota juu ya miti, vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na ndiyo maana sura zake za kwanza hushughulika na nyumba za vioo, mitambo ya kupasha joto na vyombo vya kuongeza unyevu. Mkaazi wa Mombasa anaweza kuziruka sura hizo. Joto letu halishuki sana chini ya nyuzi 20, na hewa ya bahari ina unyevu wa kutosha. Tunachokikosa ni kivuli cha kiasi, kinga dhidi ya mvua ya masika, na njia ya kupitisha upepo bila ya kuingiza chumvi nyingi. Kwa hivyo banda la okidi hapa kwetu ni paa lililosimama juu ya nguzo, na ubora wake hupimwa kwa mambo mawili: namna linavyoikata nuru, na kama kila kipande cha mti kilichomo kinaweza kutolewa na kubadilishwa bila ya kulibomoa lililobakia. Mimi nina banda la namna hiyo nyuma ya nyumba, upande wa Kisauni, na haya ninayoyaeleza yametokana na kulijenga na kulitunza.

Ukimwambia fundi wa pwani kwamba unataka banda la bustani, jambo la kwanza atakalouliza ni anunue makuti mangapi. Wangu aliposikia kwamba siyataki aliniuliza kwa upole, “Mama, bila ya makuti watu watakaa kivuli gani?” Swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa banda la kupumzikia huundwa kwa ajili ya mtu, na mtu hutaka kivuli kizito. Okidi hazitaki hivyo. Chini ya makuti yaliyoezekwa vyema majani yake hukolea kijani, hurefuka na kulegea, na maua hayaji. Jani lililopata nuru ya kutosha huwa na kijani kinachoelekea kidogo kwenye umanjano. Makuti vilevile hudondosha maji ya kahawia wakati wa mvua, hufuga panya na wadudu, na cheche moja yatosha kuyateketeza. Juu ya baraza nayapenda sana, lakini juu ya okidi siyataki.

Badala yake niliezeka kwa fito zilizoachana, nafasi baina ya ufito na ufito ikilingana na unene wa ufito wenyewe, mpango ambao hukata takriban nusu ya jua. Jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii ni mwelekeo wa fito hizo. Zilazwe kutoka kaskazini kwenda kusini, ili jua linapokwenda kutoka mashariki hadi magharibi michirizi ya kivuli nayo ihame juu ya majani, na pasiwe na jani linalopigwa na mwali mmoja kwa muda mrefu. Zikilazwa kufuata njia ya jua, mwanga hukaa karibu pale pale mchana kutwa, na kufikia alasiri utaliona baka la kuungua limekwisha kujichora.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba. Katikati ya mwaka huegemea kaskazini, na mwezi wa Desemba huegemea kusini. Hakuna, basi, upande wa banda ulio na kivuli mwaka mzima. Wakati wa hatari ni mwisho wa kaskazi, ambapo hewa imepoa mwendo na jua liko utosini. Hapo mimi hutandaza neti ya kivuli juu ya fito, na huiondoa mawingu ya masika yanapotanda, kwa sababu neti ikiachwa miezi yote hurudisha lile giza la makuti. Upande wa magharibi ufungwe kwa fito zilizosimama. Upande wa kusini mashariki, unakotoka upepo wa kusi na chumvi yake, ua wa mimea hufaa kuliko ukuta, kwa sababu ukuta huuzuia upepo kabisa na kuuacha ujimwage juu ya paa, ilhali ua huupunguza nguvu tu.

Mvua ina hukumu yake. Okidi hupenda kulowa kisha kukauka, na mizizi yake imevikwa tabaka jeupe linalofyonza maji haraka. Ikikaa na maji siku kadhaa mfululizo, kama inavyotokea mwezi wa Mei, huoza. Sehemu moja ya paa langu, juu ya zile zisizovumilia, imefunikwa kwa mabati ya plastiki yanayopitisha nuru, yameinamishwa kuelekea mfereji, na mfereji unamwaga katika tangi. Hapa ndipo banda linapolipa gharama zake. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi, na chumvi huunguza ncha za mizizi, lakini milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji yasiyo na chumvi. Kipande kidogo cha paa hukusanya zaidi ya mahitaji ya okidi zote za nyumbani, mradi tangi lifunikwe ili mbu wasizaliane humo.

Sasa miti. Boriti za mikoko zimebeba madari ya nyumba za mawe za Mji wa Kale kwa karne nyingi, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao aghalabu hauzidi mita 3. Kipimo hicho hicho kinafaa kwa upana wa banda. Lakini mkoko uliosimama una kazi kubwa ya kuzuia mmomonyoko na kulea samaki, na ukataji wake unahitaji kibali. Ukitaka boriti, tafuta zilizotolewa katika nyumba inayobomolewa. Ndivyo nilivyofanya, na zilikuwa ngumu kiasi cha kumchosha fundi msumeno. Mvule na mbambakofi, kadhalika, nitazinunua zikiwa fremu kuukuu za milango, si magogo mapya.

Kwa fito, mvinje unatosha. Hukua upesi hata kwenye mchanga wenye chumvi, na ndio mti ulioongoza kazi ya René Haller ya kuyarudishia uhai machimbo ya saruji ya Bamburi kuanzia mwaka 1971. Udhaifu wake ni kwamba mchwa huupenda, kwa hivyo ubaki juu, usiguse ardhi. Kwa nguzo nilichagua mwarubaini, mti ambao watu huudharau kwa kuwa umejaa kila mtaa na shina lake ni fupi na limepinda, ilhali mbao zake huwashinda wadudu wengi na hukatwa kila siku viwanjani ili kupisha majengo. Nguzo iliyopinda kidogo hainisumbui.

Nguzo isifukiwe. Ikae juu ya kitako cha jiwe au saruji kilichoinuka angalau sentimita 20 kutoka ardhini, kikiwa na mteremko juu ili maji yasituame, na ishikwe kwa bamba la chuma lenye bolti. Mchwa wakitaka kupanda watalazimika kujenga njia yao ya udongo juu ya kitako, mahali unapoiona na kuifuta kwa ufagio. Viungo vya juu navyo viwe vya ulimi na tundu, au vya skrubu zisizoshika kutu. Misumari ya kawaida huliwa na hewa ya chumvi na huacha ubao umepasuka.

Usipake oili chafu ya magari, hata fundi akikusihi, maana hudondoka na kuchafua udongo. Nguzo zilizotiwa dawa yenye shaba huishi miaka mingi, lakini shaba ni sumu kwa okidi, kwa hivyo usiifunge okidi juu yake wala usiiweke mahali inapodondokewa na maji yake.

Miongoni mwa aina za okidi, Vanda na Dendrobium ndizo za kuanza nazo: Vanda zining'inie juu penye nuru nyingi, mizizi ikiwa wazi, na Dendrobium zikae katika vyungu vilivyojazwa vigae na mkaa. Phalaenopsis hukaa chini kivulini, na yangu huchanua baada ya miezi ya ubaridi wa kusi. Usisahau Ansellia africana, okidi ya pwani yetu yenye maua ya manjano yenye madoa, ambayo hushika vizuri kwenye nguzo ya mwarubaini. Biashara yake ya kimataifa, kama ya okidi zote, inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na inafaa inunuliwe kwa mwenye kitalu. Ukiletewa mlangoni ikiwa na magamba ya mti yaliyong'ang'ania mizizini, ikatae, kwani hiyo imebanduliwa msituni.