Nimeshusha sigara mpaka 3 kwa siku, bado nipo kwenye hatari?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi nina miaka 41, sigara nimeanza nikiwa na 22. Nilikuwa namaliza paketi ya 20 kwa siku, nimepambana nimeshuka mpaka 3 na hizo 3 ni zile laini zilizoandikwa "light". Mke wangu anasema bado nipo palepale, mi naona hatari karibu yote nimeshaikata. Kingine, mwaka jana niliacha kabisa siku kadhaa, kikohozi kikazidi, usingizi ukakata, mikono inatetemeka, nikaona mwili umeshazoea bora nisiulazimishe. Chingamu za nikotini nilinunua zikaniletea kwikwi na kuungua koo nikaziacha. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Nzuri kaka, na hongera, kutoka 20 mpaka 3 sio kazi ndogo hata kidogo, na mtu aliyeweza hiyo anaweza kumalizia. Ila kwenye huo ubishi mke wako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe, hasa tukija kwenye moyo.

Wengi wanapiga hesabu kwamba sigara 3 ni chini ya robo ya 20 kwahiyo na hatari itakuwa chini ya robo. Kwa saratani ya mapafu kidogo hiyo hesabu inaelekea huko, ingawa hata hapo miaka uliyovuta ina uzito mkubwa sana na wewe una 19. Lakini moyo na mishipa ya damu haviendi hivyo. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilitoa uchambuzi wa tafiti nyingi zilizounganishwa, ikaonekana mwanaume anayevuta sigara 1 tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mwenye kuvuta 20. Moja! Sababu ni kwamba moshi kidogo tu unatosha kuzifanya chembe sahani za damu zinate na kuganda kirahisi, na unatosha kuukera ule utando wa ndani ya mshipa, ukishafika hapo kuongeza sigara nyingine kunaongeza madhara ndio lakini sio kwa kasi ileile ya mwanzo. Kwahiyo ukishuka kutoka 20 mpaka 3 unakuwa umetembea safari ndefu, ila kwa upande wa moyo faida kubwa ipo kati ya 3 na sifuri.

Sasa hizo laini. Chukua moja, usiiwashe, iangalie vizuri karatasi inayozunguka kichungi, ukiinyanyua kwenye mwanga utaona kamstari ka vitundu vidogo sana. Mashine ya kupimia ikivuta, hewa safi inaingia kwa hivyo vitundu, moshi unachanganyika, kipimo kinasoma lami kidogo na nikotini kidogo. Wewe sio mashine, unashika palepale kwenye vitundu kwa vidole au unavifunika na midomo, na ubongo ukikosa nikotini yake unavuta kwa nguvu zaidi, unashikilia moshi muda mrefu, unaimaliza mpaka kwenye kichungi. Na mtu aliyepunguza idadi anafanya hivyohivyo bila kujua, kila moja anaikamua. Ndio maana Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, unazitaka nchi zizuie maneno ya aina hiyo kwenye paketi, Ulaya waliyapiga marufuku 2003, Marekani 2010, na baada ya hapo kampuni zikahamia kwenye rangi, dhahabu na fedha, mteja aendelee kuamini ile ile kitu. Hili linaniumiza sana kwasababu nakutana na watu wanaojali afya zao kabisa, walihamia laini badala ya kuacha, wakijua wamefanya jambo jema.

Tuje kwenye kikohozi. Njia zako za hewa zina vijinywele vidogo mno ambavyo kazi yake ni kusukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Moshi unavilemaza. Ukiacha vinaanza kuamka na kufagia ulichorundika miaka yote, kwahiyo unakohoa zaidi kwa wiki kadhaa. Hiyo ni dalili ya kupona, wewe ukairudishia moshi ukavilaza tena kikohozi kikatulia ukadhani sigara imekutibu. Kitakachonifanya nikuambie nenda hospitali haraka ni damu kwenye makohozi, maumivu ya kifua, kupungua uzito bila sababu, au kikohozi kisichoonyesha dalili ya kupungua baada ya mwezi.

Kutetemeka na usingizi, hapa nina swali, unakunywa kahawa? Moshi wa sigara (sio nikotini, ni moshi wenyewe) unalifanya ini lichome kafeini haraka karibu mara mbili ya kawaida. Siku ukiacha, ini linapunguza kasi ndani ya siku chache, wewe bado unakunywa vikombe vilevile, kafeini inajaa mwilini, moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku macho makavu, halafu lawama zote zinakwenda kwenye arosto, yaani mwili kudai nikotini uliyoizoea. Arosto ipo kweli, inakuwa kali zaidi siku 3 za kwanza na inaisha taratibu ndani ya wiki 2 mpaka 4, ila sehemu ya ulichokisikia inawezekana kabisa ilikuwa kahawa. Safari hii siku unayoacha kata kahawa nusu, na baada ya mchana usiguse. Njia hiyohiyo ya ini ndio inayoshughulikia theophylline ya pumu, na clozapine na olanzapine ambazo ni dawa za magonjwa ya akili, kwahiyo kama wewe au mtu mwingine anayesoma hapa anatumia mojawapo, lazima amwambie daktari kabla ya kuacha ili dozi iangaliwe, na asiache kuacha kwa sababu hiyo.

Chingamu sasa. Kwikwi na koo kuungua maana yake uliitafuna kama chingamu ya kawaida. Nikotini ikimezwa tumboni haisaidii sana, inatakiwa ipite kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Tafuna taratibu mpaka usikie inawasha kama pilipili, simama, ibane kati ya shavu na fizi, mwasho ukiisha tafuna tena kidogo, hamisha shavu la pili, hivyohivyo kama nusu saa. Dakika 15 kabla usinywe kahawa, soda wala juisi, asidi yake inazuia nikotini kupenya. Kuna ya 2 mg na 4 mg, ya 4 ni ya yule ambaye sigara ya kwanza anaiwasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Plasta ya ngozini nayo ipo, na kwa wavutaji wazito plasta pamoja na chingamu inafanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Usiogope nikotini ya dawa, inayoleta uraibu ni nikotini lakini saratani inatoka kwenye moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000. Kama umewahi kupata shambulio la moyo karibuni, pita kwa daktari kwanza.

Na umri wako ndio unanifanya nikusisitize. Mtafiti Richard Doll na wenzake walifuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951, matokeo ya miaka 50 yakatoka 2004, wavutaji walikufa wastani wa miaka 10 mapema, ila aliyeacha akiwa na 40 alirudishiwa takriban 9 kati ya hiyo 10, wa 50 akarudishiwa 6, wa 60 akarudishiwa 3. Una 41. Na mkeo hapo nyumbani naye anavuta moshi wako, moshi wa watu wengine unaua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka duniani.

Niandikie hizo 3 unazivuta saa ngapi hasa, na ile ya asubuhi ni muda gani baada ya kuamka, nikupangie dozi ya chingamu na siku ya kuanzia.