Presha ya mama na mpira wa kooni: dawa zipo, shida ni saa

Dadangu uliyeuliza kuhusu mamako wa miaka 63, mwenye presha, anayetolewa mawe ya nyongo wiki ijayo: daktari wa usingizi aliyekwambia presha yake yaweza kupaa akiwekewa mpira wa kooni hakukutisha bure. Laringoskopu, kile chombo cha kuangalia koo, ikiinua mzizi wa ulimi na mpira wa pumzi ukipita kooni, mwili hushtuka hata kama mwenyewe kalala fofofo. Adrenalini humwagika, moyo hukimbia, presha hupanda ndani ya sekunde chache, kisha baada ya dakika tano hadi kumi hushuka yenyewe. Kijana hata hasikii. Kwa mtu wa presha ya miaka, hapo ndipo tunapochelea moyo na ubongo.

Nafanya kazi ya usingizi hapa Mombasa mwaka wa kumi na moja sasa. Miezi yangu ya mwanzo nilimlaza mzee mmoja mvuvi, mwenye ngiri, presha 150 kwa 90. Nikapiga fentanili, dawa kali ya maumivu, hapo hapo propofoli ya usingizi, hapo hapo dawa ya kulegeza misuli, nikaingia na laringoskopu. Mara ya kwanza sikuona kitu, nikarudia. Mkanda ukabana mkono wa mzee, ukaachia, ukabana tena, ukaandika 224 kwa 126. Mlio wa moyo ukawa kama cherehani. Nikakimbilia haidralazini, dawa ya kushusha presha. Mkubwa wangu akanishika kifundo cha mkono: "Wacha, mwanangu. Mtie usingizi zaidi, kisha ungoje." Nikaongeza gesi. Dakika ya nane mzee alikuwa 108 kwa 64. Haidralazini huchukua kama dakika kumi hata ishirini kuanza kazi, halafu hukaa saa kadhaa. Ningempiga nayo, ingemkuta ashashuka na kumzamisha kabisa. Alipoamka aliuliza kama feri za Likoni bado zapita.

Dawa niliyompa haikuwa na makosa. Fentanili hufikia nguvu zake baada ya dakika tatu hadi tano, mimi sikuipa hata mbili. Siku hizi natia maikrogramu 2 hadi 3 kwa kilo, namwekea mgonjwa barakoa ya oksijeni, natazama saa ya ukutani. Mama wa kilo 70 anahitaji kama 140, na chupa moja ina 100, kwa hiyo ile tabia ya "moja yatosha" siipendi. Lignokeini, ile dawa ya ganzi, ikitiwa mshipani, miligramu 1.5 kwa kilo, dakika moja na nusu hadi tatu kabla, husaidia kidogo. Wengine hawaiamini, mimi naitumia ikiwa fentanili ni haba. Esmololi, dawa ya kutuliza moyo na presha, ndiyo inayofaa hasa kwa shughuli hii, maana huja upesi na kuondoka upesi, ila haipatikani kila mahali. Labetaloli, ya jamii hiyo hiyo, hupatikana zaidi, nayo hukaa muda mrefu. Kama mama ana pumu, aseme mapema kwa sababu ya hizo mbili. Magnesiamu, nayo ya kutuliza mpando huo wa presha, tunaithamini sana kwa mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba, lakini hurefusha kazi ya dawa za kulegeza misuli.

Na mkono mwepesi ni dawa pia: laringoskopu isizidi sekunde 15.

Yule aliyekujibu kwamba mama awekewe nifedipini, dawa ya presha, chini ya ulimi asubuhi ya upasuaji, tafadhali, msimsikize. Mtindo huo uliachwa zamani. Hushusha presha ghafla bila kipimo.

Unaloweza kufanya wewe: tia vidonge vyake vyote kwenye mfuko, uende navyo. Akiwa anatumia atenololi ya presha, kwa kawaida haikatwi, humezwa asubuhi hiyo kwa funda la maji. Enalaprili na losartani, nazo za presha, mara nyingi twazisimamisha siku moja kabla, kwa sababu presha huanguka sana akishalala. Aulize mwenyewe atakayemlaza, asijikatie. Na akipimwa akutwe 180 kwa 110 au zaidi, wakaahirisha, msigombane nao.

Sauti kukwaruza siku moja mbili baadaye ni kawaida.