Tatra si mlima wa kwenda na raba

Mimi ni mtu wa Moshi. Kilimanjaro nimeuona tangu nikiwa natumwa chumvi dukani, na ingawa sijawahi kuupanda hata robo, rafiki zangu waliponialika siku tatu Tatra, Slovakia, nilijiona mwenyeji wa milima. Kilele kirefu kuliko vyote huko, Gerlachovský štít, hakifiki mita 2,700. Nikaenda na raba.

Tulilala Starý Smokovec, kwa kuwa treni ndogo ya umeme kutoka Poprad inakushusha hapo hapo. Asubuhi tukapanda kigari cha reli hadi Hrebienok, halafu miguu hadi Téryho chata, nyumba ya wapandaji iliyoko mita 2,015. Mwanzo ni msitu na maji yanayoporomoka, raha tupu. Kisha njia inakuwa mawe matupu, moja juu ya jingine, na asubuhi yamelowa. Raba ikateleza, nikakalia jiwe bila kupenda, suruali ikachanika mbele ya watoto waliokuwa wakishuka huku wanakula chokoleti. Nunua buti zenye meno, uzivae wiki mbili mtaani kwanza.

Vibao vya kule havikuambii kilomita, vinakuambia muda. Ukiona saa mbili na nusu, wewe mgeni weka tatu na nusu. Ndiyo maana ni lazima utoke mapema, saa kumi na mbili asubuhi ikiwezekana. Julai na Agosti anga huamka la buluu kama limefuliwa, lakini ikifika saa nane mchana radi inaweza kuwa juu ya kichwa chako. Tarehe 22 Agosti 2019, upande wa Poland wa milima hiyohiyo, radi ilipiga kilele cha Giewont chenye msalaba wa chuma na kuua watu wanne. Sisi saa sita tulishageuza, wenzangu wakinuna.

Usiende Mei ukidhani baridi imekwisha: njia nyingi za juu hufungwa Novemba, zikafunguliwa Juni. Na kata bima ya mlimani kabla ya kuondoka. Upande wa Slovakia, waokoaji wakija kukuchukua na huna bima, gharama ni yako, na helikopta si bodaboda.

Tukiwa karibu kufika tulimkuta kijana amebeba fremu ya mbao mgongoni, makreti yamepangwa hadi juu ya kichwa chake. Chakula cha nyumba zile za juu hupandishwa hivyo, kwa migongo ya watu. Nikawakumbuka wapagazi wa kwetu. Nikampisha, na neno likanitoka lenyewe: "Pole, kaka." Akajibu "Ahoj," salamu ya kwao, bila kuinua macho kwenye mawe.

Supu ya kabichi kule juu ni ghali kuliko ya mjini. Nililipa, nikanyamaza.