Plazma ya mwanzo: jibu likikataa, kwanza angalia limekosewa mara ngapi

Mkuu, umesema swali la urefu wa Debye (umbali ambao plazma, yaani gesi ya chembe zenye chaji, huficha chaji iliyo ndani yake) kwenye tabaka la F la ionosfia, sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji, limekugomea: kitabu kina milimita 2.35, wewe unapata mita 2.35 kila ukirudia. Acha kurudia. Gawanya jibu lako kwa la kitabu. Inakuja 1,000, na 1,000 ni kipeuo cha pili cha milioni. Maana yake umeingiza elektroni 10⁶ kwa kila sentimita ya ujazo kwenye fomula inayotaka mita ya ujazo, ambako idadi ni 10¹².

Fomula ya haraka ni λ = 7430 × √(T/n), jibu likiwa kwa mita, T ni joto kwa elektronivolti, n ni idadi ya elektroni kwa kila mita ya ujazo. Weka T = 0.1 na n = 10¹², utapata 2.35 × 10⁻³. Kuna nyingine yenye 69 badala ya 7430. Hiyo T yake ni kelvini. Ukizichanganya, jibu linapungua au kuongezeka mara 108 hivi, kwa sababu elektronivolti 1 ni kama kelvini 11,600. Ukiona 108 popote, usitafute kosa kwingine.

Frikwensi ya plazma, yaani ya elektroni zake kutikisika, nayo ina namba yake ya kosa: 6.28, yaani 2π. Fomula ya f ≈ 9√n inatoa hezi, ile ya √(ne²/ε₀m) inatoa radiani kwa sekunde. Kwa n hiyohiyo f ni megahezi 9. (Ndiyo maana redio ya masafa mafupi hudunda juu ikarudi chini, lakini FM ya megahezi 88 hadi 108 inapenya na kupotelea angani. Jibu lako likisema FM inarudi, umekosea.)

Kwenye mzunguko wa chembe ndani ya uga wa sumaku, ukikosea mara 10,000 umesahau kubadili gausi kuwa tesla. Ukikosea mara 43, umempa elektroni masi ya protoni au kinyume chake, maana 43 ni kipeuo cha 1,836. Kwa ioni ya oksijeni namba hiyo ni 171. Jipime: uga wa 3 × 10⁻⁵ T, nishati ya elektronivolti 0.1 yote ikiwa kwenye mwendo wa kukata uga, elektroni inazunguka kwa nusukipenyo cha sentimita 3.6 na ioni ya oksijeni kwa mita 6.

Tofauti ya 1.22 au 1.41 usiipotezee usiku. Mara nyingi si kosa, ni kwamba kitabu kimechukua kasi ya joto kuwa √(2kT/m) wakati wewe umetumia √(3kT/m) (1.22), au √(kT/m) wakati wewe umetumia √(2kT/m) (1.41). Soma alivyoifafanua mwandishi, andika juu ya karatasi, endelea.

Sasa kuna swali ambalo mbinu hii haikusaidii, nalo ni la kioo cha sumaku, yaani uga unaozidi nguvu kwenye ncha na kurudisha chembe nyuma. Uwiano wa uga wa ncha kwa ule wa katikati ni 4, unaulizwa sehemu gani ya chembe inavuja. Ukiita θ pembe kati ya mwendo wa chembe na uga, kwa mpaka wa kuvuja unapata sin²θ = 1/4, θ = nyuzi 30, halafu wengi wanagawanya 30 kwa 90 na kuandika theluthi moja. Jibu ni 1 − cos 30°, yaani asilimia 13.4. Mielekeo ya chembe imetawanyika juu ya tufe, si kwenye mstari wa pembe. Chora tufe: kofia iliyo karibu na ncha ni ndogo sana ukilinganisha na mkanda wa katikati, kwa hiyo kila pembe inahesabiwa kwa uzito wa sin θ kabla ya kujumlisha.

Mkondo wa mvutano wa dunia, yaani chembe kusogea kando ndani ya uga wa sumaku kwa sababu ya uzito wake, nao unaua kwa alama ya chanya au hasi, si kwa ukubwa. Fomula ina q, yaani chaji, chini, tofauti na mkondo wa E×B (unaotokana na uga wa umeme) ambao hauijali chaji. Kwenye ikweta ya sumaku uga unaelekea kaskazini, hivyo ioni za oksijeni zinakwenda mashariki kwa sentimita 5 hivi kwa sekunde, na elektroni magharibi, polepole mara 29,000 zaidi. Ukipata zote mashariki, rudi kwenye q.