Maswali Yenu: Sili Ufukweni na Kamera Mkononi

SWALI: Ndugu mhariri, naishi Leicester, Uingereza, na wanangu wawili, wa miaka 6 na 9. Wanataka sana kuwaona sili, wale wanyama wa baharini waitwao "seal" kwa Kiingereza, wakiwa na watoto wao. Twende wapi, lini, na tujiandae vipi? *(Mama wa wawili, Leicester)*

JIBU: Dada, tarehe ndiyo itakayokuchagulia mahali. Kama mnaweza kutoka Novemba, nendeni Donna Nook, pwani ya Lincolnshire. Majike wa sili wa kijivu huanza kupanda mchangani mwishoni mwa Oktoba, na uzazi hupamba moto katikati ya Novemba na wiki zinazofuata. Kwa msimu mmoja huzaliwa hapo watoto zaidi ya 2,000. Mkisubiri likizo ya Krismasi, wengi wa Donna Nook watakuwa wamekwisha kurudi baharini, kwa hiyo elekeeni Horsey, Norfolk, ambako msimu huchelewa kidogo na kuendelea hadi Januari.

Kwa watoto wadogo sisi tunaipendelea Donna Nook. Kuna uzio chini ya matuta ya mchanga, na mara nyingi mama na kitoto chake hulala mita chache tu upande wa pili. Horsey mtatazama mkiwa juu ya matuta, nyuma ya kamba, huku ufukwe wenyewe ukifungwa wakati wa kuzaa. Chukueni darubini, ya 8x42 (inayokuza mara nane) inatosha. Kote kuwili wapo watu wa kujitolea: waulizeni, maana wanajua kitoto kipi kimezaliwa asubuhi ile.

Epukeni Jumamosi na Jumapili kama mnaweza, kwa sababu barabara za vijijini ni nyembamba na maegesho hujaa mapema. Desemba jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, basi saa tano mpaka saa nane mchana ndiyo nafasi yenu nzuri. Upepo wa Bahari ya Kaskazini unapenya koti la kawaida. Wavalisheni suruali ya kuzuia maji juu ya ile ya joto, glavu, na buti za mpira. Mbwa abaki nyumbani. Na msiwatupie sili mikate wala samaki.

SWALI: Tulimkuta mtoto wa sili mwenye manyoya meupe peke yake ufukweni, machozi yanamtiririka. Mume wangu alitaka kumsukuma majini amfuate mamake. Tungefanya nini? *(Msomaji, Norwich)*

JIBU: Mngerudi nyuma taratibu na kumwacha. Machozi si kilio. Sili hawana mfereji wa kupeleka machozi puani kama sisi, kwa hiyo maji yanayolainisha jicho humwagika usoni muda wote akiwa nchi kavu.

Manyoya meupe yanaonyesha kwamba bado ananyonya au ameachishwa juzi tu. Huzaliwa na kilo 14 hivi, na kwa maziwa mazito yenye mafuta karibu nusu au zaidi huongezeka kama kilo 2 kwa siku. Baada ya wiki tatu mama huondoka moja kwa moja. Kitoto hubaki mchangani peke yake kikibadilisha manyoya na kuishi kwa mafuta yake mpaka njaa imsukume baharini. Ukimsukuma mapema anaweza kuzama au kubebwa na mkondo.

Kama bado ananyonya, huenda mama yuko majini anamtazama, nanyi ndio mnaomzuia kutoka. Mama huyo hali kitu kwa wiki zote hizo tatu. Kila anachompa mwanawe kinatoka mwilini mwake, naye hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Kila akikimbizwa, kitoto hukosa mnyonyo ambao hautafidiwa. Akitishwa mara nyingi anaweza kumtelekeza kabisa.

Ukiona jeraha, mbavu zimechomoza, au kamba au pete ya plastiki shingoni, piga simu British Divers Marine Life Rescue, shirika la kuokoa wanyama wa baharini, 01825 765546, useme mahali hasa ulipo na hali ya mnyama. Usimguse. Meno ya sili huacha vijidudu vinavyovimbisha kidole hadi kwenye kiungo. Aliyeumwa aende hospitali siku ileile na amwambie daktari wazi kwamba ni sili, kwani si kila antibiotiki hufaa.

SWALI: Je, sili na nguva wetu ni ndugu? *(Msomaji, Tanga)*

JIBU: Hapana. Nguva hula majani ya bahari, hatoki majini kamwe, na jamaa yake wa nchi kavu ni tembo. Sili hula samaki, na yuko kundi moja na dubu na mbwa.

SWALI: Picha zangu za vitoto vyeupe hutoka kijivu, na madume wakipigana hutoka ukungu. Nina lenzi ya mm 100-400. Je, nipeleke droni? *(Mpiga picha, London)*

JIBU: Droni hapana. Sauti yake huwatimua sili wote kwa pamoja, na vitoto hukanyagwa na miili ya kilo 200 na zaidi.

Weupe kugeuka kijivu ni kamera kudanganyika: ikiona kitu cheupe kimejaa fremu hupunguza mwanga. Ongeza fidia ya mwanga (exposure compensation) +0.7 hadi +1, kisha kagua grafu ya mwanga ili manyoya yasiungue kwa mwanga kupita kiasi. Kwa dume jeusi lililolowa fanya kinyume, −0.7. Kwa mapigano weka kasi ya shata 1/1600, uiache ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande hadi 3200 ikibidi. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa husafishika, ukungu hausafishiki. Kitoto kilicholala kinatosheka na 1/250 na uwazi wa lenzi wa f/8, fokasi ikiwa kwenye jicho la karibu.

Piga magoti lenzi ilingane na macho yao. Donna Nook, sogeza lenzi karibu kabisa na uzio ukiwa na f/5.6, waya utayeyuka pichani. Horsey inatazama kaskazini-mashariki, kwa hiyo asubuhi jua la majira ya baridi linakuja ubavuni kwako, upande wa kulia, na mchana linakuwa mgongoni. Zima flashi. Sili akiinua kichwa na kukukazia macho, umekaribia mno: rudi nyuma, keti, subiri dakika ishirini. Picha ya mama akinyonyesha huipata aliyekaa kimya, siyo aliyemsogelea.

Usibadilishe lenzi kwenye mchanga. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, baridi huimaliza. Kabla ya kuingia nyumba yenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki na usiufungue kwa saa moja au mbili, la sivyo unyevu utatanda ndani ya lenzi. Chumvi ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu.