Peptidi ndogo hazionekani kwenye 280

Ukiingia maabara ya protini, mwenyeji wako ataseti mashine inayopima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 280 na kukwambia usome. Kwa protini nzima hajakosea. Ila kama unasaka peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) zenye kazi mwilini, namba hiyo itakuficha mengi, kwa sababu pale mwanga wa urujuanimno hufyonzwa hasa na asidi amino mbili, triptofani na tairosini. Chukua Val-Pro-Pro na Ile-Pro-Pro, peptidi za kazeini, protini ya maziwa, zilizoripotiwa Japani mwaka 1995 kutoka kwenye maziwa yaliyochachushwa. Zinazuia ACE, kimeng'enya kinachochangia kupandisha shinikizo la damu, na hazina hata moja ya asidi amino hizo mbili. Kwenye 280 utaona mstari umelala tu, umwage ulichokuwa unakitafuta.

Soma 214, ambako kinachofyonza ni kifungo cha peptidi chenyewe. Ubaya wake ni kwamba bufa (myeyusho wa kutuliza pH) ya asetati, imidazoli, hata methanoli, vyote vinafyonza karibu na hapo. Tumia kiyeyushi cha asetonitrili cha daraja la HPLC (mbinu ya kutenganisha kemikali kwa kuzipitisha kwenye kolamu), na kuveti, kichupa cha kusomea sampuli, ya kwatzi. Ya plastiki ni sawa na kuziba mwanga kwa ukuta. Kwenye kolamu, asidi ya trifluoroasetiki nayo huupandisha mstari wa chini kadiri asetonitrili inavyoongezeka. Weka asilimia 0.1 ya asidi hiyo kwenye kimiminika A, cha maji, na 0.085 hivi kwenye B, chenye asetonitrili, kisha rekebisha mpaka mstari utulie. Na 280 usiizime: kilele kinachotokea 214 tu kina habari yake.

Kazi kubwa iko kwenye kipimo cha ACE, kinachoonyesha peptidi yako inazuia kimeng'enya hicho kiasi gani. Mbinu ya watafiti Cushman na Cheung ya 1971 husoma kwenye 228 asidi ya hipuriki, inayotoka ACE inapokata sabstreti, yaani kemikali inayopewa ikate. Sabstreti hiyo inafyonza hapohapo, ndiyo maana asidi hiyo hutolewa kwanza kwa ethili asetati. Sasa ethili asetati nayo hufyonza chini ya 256 hivi! Ikibaki kidogo kwenye tyubu, namba itapanda, nawe utadhani peptidi yako haizuii chochote. Kausha kabisa, na blanki yako, yaani tyubu ya kulinganishia, ipitie hatua zote, ikose kimeng'enya tu.

Halafu usiandike jina la peptidi kwenye ripoti kwa kuona kilele. Mwanga unaonyesha ilipo na kukadiria kiasi. Jina linatafutwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima masi ya molekuli. Nayo hukwama: leusini na isoleusini zina masi ileile, hivyo Leu-Pro-Pro na Ile-Pro-Pro zote ni daltoni 325.2. Agiza zote mbili zilizotengenezwa kiwandani, zipitishe kwenye kolamu ileile, ulinganishe muda wa kutoka.